Leseni ya kulaza wageni kwa muda mfupi: Anachotakiwa kutimiza mwenye fleti Nairobi

KATIKA wiki mbili za kwanza za Januari 2024, wanawake wawili vijana waliuawa katika vyumba vya kukodisha kwa muda mfupi jijini Nairobi, mmoja mtaani South B na mwingine Roysambu. Kufikia tarehe 27 ya mwezi huo, maelfu ya wanawake walikuwa barabarani katika miji mbalimbali nchini wakidai mauaji ya aina hiyo yakomeshwe. Miongoni mwa maswali yaliyozuka siku hizo, moja lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kujibu: vyumba hivi ni vya nani, na ni nani aliyewapa wenyewe idhini ya kulaza wageni?

Serikali ilijibu kwa kuwataka wote wanaoendesha biashara hiyo, ambayo Wakenya wengi huiita Airbnb hata pale ambapo kampuni yenyewe haihusiki, wajisajili na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. Agizo hilo lilipokelewa kana kwamba ni sheria mpya. Ukweli ni kwamba lilikuwa ukumbusho tu. Sheria ya Utalii ya 2011, iliyoanza kutumika 2012, ilikuwa tayari imepiga marufuku kuendesha shughuli yoyote ya kitalii iliyotajwa katika Jedwali lake la Tisa bila leseni. Katika jedwali hilo, pamoja na hoteli na kambi za mbugani, zimo nyumba za wageni, fleti zenye huduma, nyumba za likizo na hata makao ya familia zinazopokea wageni. Jina Airbnb halimo, lakini mwandishi wa orodha hiyo hakuacha upenyo mkubwa wa mtu kujificha.

Basi kwa nini maelfu ya vyumba viliendelea kupokea wageni kwa zaidi ya mwongo mmoja bila cheti ukutani? Sehemu ya jibu ni kutojua. Sehemu nyingine ni kwamba leseni yenyewe si moja. Mwenye fleti anayetaka kufuata sheria hubisha hodi katika ofisi kadhaa, na kila ofisi humwuliza kama ametoka kwa nyingine. Katiba ya 2010 ndiyo chimbuko la hali hiyo: katika Jedwali la Nne iliiachia Serikali ya Kitaifa sera ya utalii na maendeleo yake, nayo kaunti ikapewa leseni za biashara pamoja na utalii wa mashinani. Mgeni akilala usiku mmoja Kilimani, kisheria amelala chini ya serikali mbili.

Kosa la kawaida ni kuanzia mwisho. Mtu hununua kitanda, televisheni na mapazia, akapiga picha nzuri, akaitangaza nyumba mtandaoni, na wageni wa kwanza wakishaingia ndipo anapoulizia habari ya leseni. Hapo huwa amekwisha kutumia fedha katika nyumba ambayo pengine haifai kabisa kwa biashara hiyo. Swali la kwanza lapaswa kuwa hili: je, nyumba hii ni yangu kuifanyia hivyo?

Swali hili ni zito kwa sababu idadi kubwa ya wanaolaza wageni Nairobi si wenye nyumba. Ni wapangaji. Mtu hupanga fleti tupu kwa kodi ya mwezi, akaweka samani, akaikodisha kwa usiku na kujipatia tofauti. Hakuna uhalifu katika hilo kama mwenye nyumba amekubali. Hata hivyo, mikataba mingi ya upangaji nchini ina kifungu kinachomkataza mpangaji kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Kifungu hicho huwa katikati ya ukurasa, kwa herufi ndogo, na wachache hukisoma siku ya kutia saini. Idhini ya mdomo kutoka kwa bawabu au hata kwa wakala haina nguvu yoyote siku ambapo mwenye nyumba ataamua kufunga mlango. Anayetaka kuomba leseni kwa nyumba ya kupanga apate barua. Barua iseme wazi kwamba nyumba itatumika kulaza wageni wa muda mfupi, wala isitaje biashara kwa jumla tu.

Aliyenunua fleti naye hajamaliza. Sheria ya Milki za Sehemu ya 2020 iliweka utaratibu ambapo kila mwenye fleti humiliki sehemu yake, na wenye fleti wote kwa pamoja huwa shirika linalosimamia jengo. Shirika hilo lina sheria zake ndogo kuhusu matumizi ya fleti na maeneo ya pamoja. Ni humo ambamo majengo kadha wa kadha yamekataza ukodishaji wa chini ya muda fulani, au yameweka masharti kama vile kumwandikisha kila mgeni langoni. Majirani wanaolala na watoto wao ukutani pa pili wana haki ya kutaka kujua ni nani anayepanda lifti saa nane za usiku. Mwenye fleti anayepuuza mkutano wa wakazi hugundua baadaye kwamba kura iliyopigwa bila yeye imemfungia biashara, na hakuna afisa wa leseni atakayeiondoa.

Kisha kuna ardhi. Jengo lililoidhinishwa kuwa makazi limeidhinishwa hivyo kwa sababu: barabara, maji, mabomba ya majitaka na nafasi za magari vilikadiriwa kwa watu wanaoishi, wala si kwa wanaopishana kila baada ya siku mbili. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 humtaka anayebadilisha matumizi aombe idhini ya kaunti. Kwa mwenye chumba kimoja ndani ya jengo la makazi, suala hili mara nyingi halizuki mpaka jirani alalamike. Kwa anayegeuza jengo zima au nyumba ya ua mzima kuwa ya wageni, ni vyema kuonana na mtaalamu wa mipango kabla ya kupaka rangi.

Haya yakishatulia, makaratasi yanayofuata ni mepesi zaidi. Jina la biashara au kampuni husajiliwa kupitia eCitizen. Nambari ya PIN kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, ni ya lazima. Bila hiyo hakuna ofisi itakayopokea ombi. Baada ya hapo ni kaunti. Zamani mfanyabiashara wa Nairobi alikuwa akizunguka na karatasi tofauti ya biashara, ya zimamoto, ya afya na ya bango. Tangu 2023 kaunti imekuwa ikiziunganisha katika kibali kimoja cha pamoja kinacholipiwa kwa mtandao. Kuunganishwa kwa karatasi hakukufuta ukaguzi. Afisa wa zimamoto bado ataangalia kama kuna kizimamoto kinachofanya kazi, kama ngazi ya dharura haijageuzwa stoo ya magodoro, na kama mlango unafunguka kutoka ndani bila ufunguo. Jambo hili la mwisho si dogo katika jiji ambalo karibu kila mlango una geti la chuma na kila dirisha lina vyuma.

Ndipo mwombaji anapofika TRA. Ombi huandamana na cheti cha usajili, PIN, kibali cha kaunti, na hati ya umiliki au mkataba wa upangaji. Wakaguzi huitazama nyumba, na leseni ikitolewa hufanywa upya kila mwaka. Kutembelewa na wakaguzi huwatisha wengi, ilhali wanachokitafuta ni cha kawaida: usafi, maji, usalama, na mtu anayejulikana ambaye anaweza kupatikana kwa simu. Hilo la mwisho ndilo hasa lililokosekana katika mjadala wa 2024. Nyumba iliyotangazwa na mtu mmoja, iliyopangwa na mwingine, ufunguo ukakabidhiwa na wa tatu kupitia kisanduku chenye nambari mlangoni, ni nyumba isiyo na mwenyewe siku ya balaa. Leseni humfunga mtu mmoja kwa mlango mmoja.

Ushuru ni sura inayojitegemea. Mwenye fleti wa kawaida huamini kwamba, kwa kuwa anapangisha nyumba, hahusiki na ushuru wa VAT. Sheria ya VAT ya 2013 kweli imesamehe upangishaji wa makazi, lakini katika maana yake ya neno makazi imeondoa wazi malazi ya hoteli na ya likizo. Chumba kinachokodishwa kwa usiku kimo upande huo wa pili. Kinachowaokoa wadogo ni kiwango: anayelazimika kusajiliwa ni yule ambaye mauzo yake yanafikia Sh5 milioni kwa mwaka.

Hesabu si ngumu. Chukua fleti inayolipiwa Sh4,000 kwa usiku na kupata wageni usiku 20 kwa mwezi. Huingiza Sh80,000 kwa mwezi, yaani Sh960,000 kwa mwaka. Mwenye fleti tano za namna hiyo hupata Sh4.8 milioni na bado yuko chini ya kiwango. Akiongeza ya sita, mauzo yanafika Sh5.76 milioni na mambo hubadilika. Kila usiku wa Sh4,000 sasa unatakiwa kuwa na ushuru wa asilimia 16, kwa hivyo mgeni alipe Sh4,640. Akiogopa kumpoteza mgeni na kuiacha bei pale pale, takriban Sh552 kati ya zile Sh4,000 zitakuwa za KRA, kabla hajaondoa ushuru aliolipa mwenyewe kwa mahitaji ya biashara. Wengi hupanuka kutoka fleti tatu hadi saba bila kuketi na kufanya hesabu hii, kisha wakastaajabu kwa nini faida imepungua wageni walipoongezeka.

Kodi ya mapato ni kando na hiyo, nayo huanza mapema zaidi. Isitoshe, tangu Sheria ya Fedha ya 2023, matumizi ambayo hayana ankara ya kielektroniki ya eTIMS hayakubaliwi kupunguza mapato yanayotozwa kodi. Fundi wa mabomba aliyelipwa kwa simu bila ankara, au mama wa kufua mashuka, ni gharama halisi ambayo KRA huenda isiitambue. Pia kuna tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mauzo, ambayo huenda kwa Hazina ya Utalii. Tozo hii ilirithiwa kutoka enzi za ile tozo ya mahoteli na mikahawa, na wenye vyumba vya muda mfupi huisikia kwa mara ya kwanza wanapoletewa barua.

Jambo jingine ambalo husahauliwa ni nakala za vitambulisho. Baada ya mauaji ya 2024, wenye nyumba wengi walianza kumpiga picha kila mgeni kitambulisho chake na kukihifadhi kwenye simu. Nia ni njema. Hata hivyo, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humfanya mtu huyo kuwa mwangalizi wa habari za watu wengine, na kanuni za 2021 zimeitaja sekta ya kupokea wageni miongoni mwa zile zinazotakiwa kujisajili na Kamishna wa Kulinda Data hata biashara ikiwa ndogo. Simu yenye vitambulisho 300 ikiibwa kwenye matatu, aliyeibiwa ana maelezo ya kutoa. Kamera za CCTV nazo zafaa langoni na koridoni, tena mgeni ajulishwe zilipo. Ndani ya chumba hazina nafasi.

Msomaji aliyefika hapa huenda anauliza swali ambalo wenye fleti huliuliza kwa uchungu: nikifanya haya yote, jirani yangu ambaye hajafanya hata moja atanishinda kwa bei. Malalamiko hayo yana msingi. Sheria ya 2011 iliandikwa ikimlenga mwenye mlango; tovuti inayoutangaza mlango huo haikuwa akilini. Wakaguzi wa TRA na wa kaunti hubaki kuzunguka jengo baada ya jengo katika jiji la mamilioni ya watu, ilhali tangazo jipya huchukua dakika chache kuwekwa mtandaoni.

Jiji la New York, Marekani, lilikabiliwa na tatizo hilo hilo na likachukua njia tofauti ambayo yafaa kuitazama kwa makini. Huko nako marufuku ilikuwa ya zamani. Sheria ya jimbo iliyorekebishwa 2010 ilikataza kukodisha fleti nzima za makazi kwa chini ya siku 30, na kwa miaka mingi ikakiukwa waziwazi. Ndipo baraza la jiji likapitisha Sheria ya Mtaa nambari 18 ya 2022, ambayo utekelezaji wake ulianza Septemba 5, 2023. Sheria hiyo iliongeza jambo moja lenye meno: kampuni ya mtandaoni haiwezi kupokea malipo ya nyumba yoyote ya muda mfupi kabla ya kuihakiki nambari ya usajili wa nyumba hiyo katika mfumo wa jiji. Ikikiuka, hutozwa hadi dola 1,500 kwa kila muamala au mara tatu ya ada iliyopata. Mwenye nyumba naye anaweza kutozwa hadi dola 5,000, au mara tatu ya mapato yake kutokana na nyumba hiyo, kutegemea ipi ni ndogo.

Masharti ya kupata nambari hiyo ni makali. Mwombaji awe mtu halisi, kampuni hairuhusiwi, na awe ndiye anayeishi humo. Wageni wanaolipa wasizidi wawili kwa wakati mmoja. Mwenyeji awepo wakati wote wa ukaaji wao, na wageni waweze kufika kila sehemu ya nyumba, hivyo milango ya ndani isifungwe kwa ufunguo. Ada ni dola 145, karibu Sh19,000, na hairudishwi ombi likikataliwa. Fleti ambazo kodi yake inadhibitiwa na serikali, pamoja na nyumba za umma za jiji, hazikubaliwi. Mwenye jengo anaweza kuliandikisha katika orodha ya majengo yaliyokatazwa, na hapo hakuna mpangaji wake atakayesajiliwa. Kumbukumbu za wageni huwekwa kwa miaka saba. Anayekodisha kwa siku 30 au zaidi hahitaji usajili huu.

Airbnb ilishtaki jiji Juni 2023 na kesi ikatupwa Agosti. Matokeo yalionekana mara moja: maelfu ya matangazo ya muda mfupi yalitoweka au yakageuzwa kuwa ya mwezi mmoja na zaidi. Wiki moja kabla ya utekelezaji, jiji lilikuwa limepokea maombi 3,250 na kuidhinisha 257 pekee. Wenye nyumba ndogo walilia kwamba wamewekwa kapu moja na matajiri wenye majengo, na kilio hicho hakikuwa cha uongo. Mjane mwenye nyumba ya orofa mbili na mkopo wa benki alibanwa na kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mwekezaji mwenye fleti 50.

Majiji mengine yamechagua vipimo vingine. London huruhusu nyumba nzima kukodishwa kwa muda mfupi kwa usiku usiozidi 90 kwa mwaka. Barcelona ilitangaza Juni 2024 kwamba haitahuisha leseni zake 10,101 za fleti za watalii zitakapoisha 2028.

Sharti la New York la mwenyeji kuwepo halingefaa Nairobi bila kuvunja biashara nzima. Sehemu kubwa ya fleti za Kilimani, Westlands na Ruaka, huko Kiambu, ni mali ya Wakenya wanaoishi ng'ambo, baadhi yao huko huko Marekani, ambao huzikodisha kupitia ndugu au wakala. Mkenya huyo huyo hawezi kufanya hivyo katika fleti anayoishi New York wikendi akisafiri. Nambari ya leseni kwenye tangazo, kwa upande mwingine, ingeweza kuhamishwa hadi hapa bila kumwumiza aliyefuata sheria, na ndiye ambaye angenufaika kwanza. Ingehitaji TRA na kaunti kuwa na sajili moja inayosomeka kwa mtandao, ambapo kibali cha Jumba la Jiji na leseni ya utalii vinaonana.

Kabla ya kufika huko, aliye na leseni anaweza kuiandika nambari yake katika tangazo kwa hiari na kuibandika nakala nyuma ya mlango, pamoja na nambari ya simu inayopokelewa usiku na mchoro wa njia ya kutokea. Mgeni naye aombe kuiona kabla ya kutuma pesa. Mwanamke anayeingia peke yake katika jengo asilolijua, saa tatu za usiku, ana sababu ya kutosha ya kumwuliza mwenye nyumba jina lake kamili, na kutaka kuona kwamba ndilo lililo katika karatasi ile.